Uzi wenye Mafundo Chini ya Godoro

…lakini ule uzi, jamani dada zangu, leo mama mkwe ameuona!

Mnajua sidiria za dukani zinavyonibana. Fundi cherehani wa hapa Ifakara alikubali kunishonea, ila ni mwanamume, na mimi kupimwa kifua naye siwezi.

Basi Beno wangu, mume mtamu kuliko wote, akanipima mwenyewe kwa uzi. Kila kipimo akafunga fundo, huku ananibusu shingoni.

Nikauficha chini ya godoro.

Leo Beno alikuwa shambani Idete, mama mkwe akaingia kutoa godoro kulianika. Nikamkuta amesimama, uzi mkononi.

"Mwanangu Beno umemfunga kwa mafundo mangapi?"

"Mama, hicho ni kipimo tu."

"Kipimo cha nini?"

Sasa nyie, mama mkwe nimtajie matiti?

Nikanyamaza. Akaona nimekiri uchawi, akautupa motoni.

Jioni Beno akamweleza yote, hata aibu hana, nampenda huyu mtu! Mama akatazama kifua changu, akatazama pembeni, akasema, "Haya."

Lakini wali niliompakulia hajaugusa.

Beno anataka kunipima tena. Nimemkatalia. Kesho nitampelekea mama uzi mpya, nimwombe anipime yeye.

Akikubali, nitakuja kwenu Mkula nikiwa na sidiria iliyonikaa vizuri. Akikataa, nitakuja kulia. Vyovyote vile, kabla mwezi haujaisha mtaniona.