Vitumba vya Asmini ya Mama

Asubuhi moja hainitoki akilini, mwanangu: ile niliyokuta debe la asmini ya mama limeoza kitako. Nyumba yetu ilikuwa Kiponda, ghorofa ya pili, na debe lile lilikaa dirishani tangu nilipopata akili ya kukumbuka. Mama alikuwa ametutoka mwaka uliotangulia. Nilipolivuta ili nilitie maji, kitako kikabaki dirishani na mizizi ikatoka myeusi, imelainika kama mkate uliosahauliwa kwenye chai.

Matawi yaliyokuwa hai yalikuwa mawili tu. Na dada yangu Zuhura alikuwa aolewe baada ya wiki sita, naye hakuniomba zawadi ila moja: kikuba cha rihani na asmini ya mama, akibandike kifuani siku ya harusi yake.

Nikamkimbilia Bi. Mwanakombo, jirani wetu wa chini, mama wa Kitumbatu aliyekuwa akitunga vikuba vya maharusi wa mtaa mzima. Aliyakata yale matawi vipande vya shibiri moja moja, kila kipande chini kidogo ya kifundo, akanyofoa majani ya chini na kuacha mawili ya juu. Vikatoka vipandikizi saba. Nikahesabu tena, saba. Mchanga wa pwani alinikataza kwa ajili ya chumvi yake, basi tukachanganya udongo na makumbi ya nazi yaliyooza, tukavipanda kwenye makopo ya maziwa. Juu ya kila kimoja tukafudikiza gilasi, tukaviweka pasipopiga jua.

Wiki ya tatu vikatoa vitumba. Nilipiga vigelegele peke yangu, nikamwita Bi. Mwanakombo aje aone. Akapanda ngazi huku akihema, nikamwamkia, akaitikia, akainama juu ya makopo.

"Vikate vitumba vyote," akasema. "Leo."

Sasa mimi, mwanangu, wakati huo nilikuwa nikiuza khanga Darajani. Sikumbuki neno nililoambiwa nikalikubali mara ya kwanza.

"Vyote, Bi. Mwanakombo? Basi tufanye nusu."

"Nusu ya nini?"

"Nusu nikate, nusu nibakishe. Harusi hiyo inakuja."

"Raya, unapatana na nani? Mie nshakwambia. Kapatane na hicho kijiti, hakina hata mzizi mmoja."

"Mbona kinataka kutoa maua?"

"Kinakula akiba kilokuja nayo. Ikisha, na chenyewe kimekwenda."

Sikukubali. Akaniangalia kidogo, kisha akanyoosha mkono akanyofoa vitumba vyote vya kopo la mwisho. Nikapiga kelele kana kwamba ameninyofoa nywele.

"Hiki changu," akasema. "Hivyo sita vyako. Umepata zaidi ya nusu, usije ukasema nimekupunja."

Siku ya harusi nilichuma maua kumi na moja. Nikahesabu tena, kumi na moja. Bi. Mwanakombo mwenyewe ndiye aliyeyatunga. Dada alikinusa kile kikuba akalia, nami nikazunguka ukumbini kama mfanyabiashara aliyeuza mpaka gunia la kufungia.

Haikupita wiki, vipandikizi vyangu sita vikakauka. Nilipoving'oa havikuwa na mzizi hata wa kuhesabu mara moja. Ndipo nilipofahamu kwamba asmini ya mama imebaki katika kopo moja, lile nililolidharau, lenye kijiti na majani mawili. Nilikuwa sijalitia maji hata siku moja tangu ule ugomvi. Lakini udongo wake ulikuwa na unyevu.

Kumbe yule mzee, na magoti yake mabovu, alikuwa akipanda ngazi kila asubuhi kuja kulitia maji, nikishatoka kwenda sokoni. Ngazi zetu ni thelathini na mbili. Nimezihesabu kupanda na kushuka.

Nikateremka kwake, uso sina.

"Nimekuja kuomba radhi, Bi. Mwanakombo."

"Radhi ulishaipata siku ile ile unapiga kelele. Na dada yako kanusa ua la mama yake, hilo nalo si dogo. Sasa niambie, kikitoa vitumba tena utafanyaje?"

"Nitakata."

"Nusu?"

"Vyote."

"Haya. Sasa umejua kununua."

Kijiti kile kilishika. Mwaka wa pili kikachanua mpaka dirisha likawa jeupe. Asmini ya Zuhura kule Bububu imetoka humo, ya wanawe Mwanakwerekwe imetoka humo, na kipandikizi nilichokupa wewe pia. Bi. Mwanakombo ameshatangulia mbele ya haki. Kila nikichuma namuombea dua.

Jana umenitumia picha kwenye simu, kipandikizi chako kina vitumba vitano, na chini umeandika, "Bi. Raya, ona!" Nimeona, mwanangu, na nimehesabu mara mbili. Vinyofoe vyote vitano. Usinijibu vitatu, mchezo huo niliuanza mimi.

Na kwa kuwa hiyo kazi yako mpya nayo haijatimiza mwezi, sikiliza na hili. Watu watataka kuona maua wiki ya tatu, na wewe utatamani kuwaonyesha. Kubali kwanza kuwa kijiti chenye majani mawili. Akitokea mtu wa kukupandia ngazi akutilie maji, mshukuru angali hai, tena mshukuru mara nyingi. Bi. Mwanakombo nilimshukuru mara moja tu. Hiyo ndiyo hesabu yangu pekee ambayo nikiirudia hainipendezi.

Mwenyezi Mungu akulindie mizizi usiyoiona, akuruzuku jirani kama wangu, na siku asmini yako itakapochanua, ichanue mpaka ushindwe kuihesabu. Amin.