Sijawahi Kutoroka

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, vitu vilirudi madukani Morogoro mjini: sabuni, khanga, baiskeli. Ada ya shule nayo ikarudi. Binti yangu alikuwa anamaliza darasa la saba, na walimu wake waliapa kwamba atachaguliwa kidato cha kwanza. Nani angemlipia? Mimi nilikuwa askari magereza, mzaliwa wa Matombo mwenye darasa la nne, nikimlea peke yangu. Mshahara uliishia kwenye unga na mafuta ya taa.

Gereza letu lilikuwa na mfuko wa kusomesha watoto wa askari. Sikuambiwa. Nilifichwa, na aliyenificha ni karani wa zamu. Nitasema hivyo mpaka nizikwe. Habari zake aliwapa shemeji zake na wanywaji wenzake. Nilipomfuata ofisini alicheka.

"Mama, ombi linaandikwa na mwombaji mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya kamati. Wewe hata ripoti ya zamu si unaandikiwa?"

"Nitaandika, afande."

"Haya. Majina ya kidato cha kwanza yakitoka, njoo tukuone."

Kwa kuwa nilithubutu kuuliza, akanipanga mlango wa darasa la kisomo cha watu wazima, upande wa wafungwa wanawake. Kusimama kutwa, kiti hakuna. Ilikuwa adhabu.

Hakujua alichonipa. Mle ndani mfungwa mmoja aliyewahi kuwa mwalimu aliwafundisha wenzake kuandika barua. Mimi nilisimama na rungu langu, macho ubaoni, kidole kikiandika juu ya paja la sare. Nikifika kota narudia kwenye daftari kuukuu la binti yangu. Yule mwalimu aliniona. Akaanza kuandika herufi kubwa zaidi, tena upande wa ubao uliokaribia mlango.

Majina yakatoka, binti yangu yumo. Siku ya kamati niliandika mbele ya mkuu wa gereza na maofisa wawili, jasho likinitiririka mpaka kwenye karatasi. Karani akainyakua, akaisoma kwa sauti:

"Mimi niliyetajwa hapo juu nimetumikia miaka kumi na mmoja. Tabia yangu ni njema. Sijawahi kutoroka. Naomba kwa unyenyekevu nifikiriwe, ili mwanangu aanze shule mwezi wa kwanza."

Wote wakaangua kicheko. Ndipo nikaelewa. Barua pekee niliyojifunza ilikuwa ya mfungwa anayeomba kupunguziwa kifungo. Nilidhani barua zote ndivyo zilivyo.

"Sijawahi kutoroka!" karani alirudia, ameshika tumbo. "Jamani, huyu askari au mfungwa?"

Mkuu aliacha kucheka. "Ilete hapa." Akaisoma kimya, kisha akaniuliza, "Nani amekufundisha?"

Askari kufundishwa na mfungwa lilikuwa kosa la kufukuzwa kazi.

"Ni zamu yangu, afande. Mlango wa kisomo, miezi mitano sasa. Aliyenipanga huyu hapa."

Mkuu akamgeukia karani. "Kumbe siku moja moja unafanya kazi." Akainua barua yangu. "Wengine wameniandikia kurasa tatu, na sijui wanataka nini. Huyu najua."

Akatia sahihi. Ada ya miaka yote minne.

Kesho yake nilirudi mlangoni kwangu. Wafungwa walikuwa wamechuchumaa wakingoja kuhesabiwa. Mwalimu akanitazama, chaki mkononi; wote walishasikia kwamba jana nilikuwa mbele ya kamati. Kuongea hatukuruhusiwa, basi nikainua kichwa mara moja, hivi, kuitikia.

Vigelegele! Wanawake thelathini wakasimama bila amri, wanapiga vigelegele hadi kunguru wakaruka juu ya bati wakaelekea milima ya Uluguru. Karani akaja mbio, kofia mkononi.

"Makelele gani haya?"

"Kisomo, afande," nikamjibu. "Wamefaulu."