Taa ya Ngazini

Kila nikisimulia hili watu hunikazia macho, wakidhani nimevuta kitu. Sivuti. Hata bia siijui ladha yake. Mimi ni fundi wa umeme, nimekulia Tononoka, na kitu ninachokiamini ni kile kinachopimika kwa tesita. Kwa hivyo nikikwambia nilisimama ngazini saa nzima na mtu, mchana, nikaongea naye na akanijibu, kumbe si wa dunia hii tena, usidhani nakutafutia kicheko. Nakwambia kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Kazi yangu ni zile taa za kuamrisha kwa simu, za Zigbee. Hakuna uchawi ndani yake. Unaweka kisanduku kimoja, kisanduku kinaongea na balbu, balbu inampasia mwenzake habari mpaka ya mwisho, kama vibarua wanavyopokezana karai za zege. Kwa nyumba za Mji wa Kale, na zile kuta zake nene, hapo ndipo utamu wake. Lakini kisanduku kikifa, balbu zote zinakuwa mayatima. Hazimjui bwana mwingine. Ndiyo maana fundi mwenye akili hutoa nakala ya akiba, siri zote za kisanduku akaziweka kando. Kikifa, anahamishia nakala kwenye kisanduku kipya, na nyumba inaendelea kama jana.

Miaka miwili nyuma, dada mmoja anaitwa Salma, anafanya kazi Maskati, alinipa nyumba ya wazazi wake. Mamake macho yalikuwa yamefifia, na ngazi ya nyumba ile ni mwinuko mtupu, ina kona ya giza hata adhuhuri. Salma alitaka taa ya pale iwake yenyewe mtu akikanyaga. Wazazi walikuwa wamekwenda Umra, sikuwaona. Mamake mdogo, Bi Shamsa, ndiye aliyenifungulia. Nikafunga balbu ishirini na moja na sensa ya ngazini, kile kijicho kinachohisi mtu akipita. Nikamaliza Ijumaa jioni, kompyuta imeisha chaji, njaa inaniuma. Salma akaniandikia: "Nakala umeweka?"

Nikamjibu: "Nimeweka, dada, usiwe na shaka."

Sikuweka. Nilijiambia nitarudi Jumatatu niiweke, na niunganishe kisanduku na simu yangu kiniarifu kikipata hitilafu. Jumatatu ile mpaka leo sijaiona.

Mwaka huu akanipigia. Sauti imekauka. "Fundi, baba ametutoka. Mama yuko eda. Na kisanduku kimekufa, taa hata moja haitii. Tafadhali hamisha kwa ile nakala yako. Mama asije akaanguka na yeye."

Hilo "na yeye" lilinipita. Mimi nilikuwa nawaza nakala tu. Nikasema, "Sawa, dada." Ningemwambia nini?

Nikafika saa kumi alasiri na kisanduku kipya mkobani. Bi Shamsa akanifungulia, akanikanya kabisa: "Mwenyewe yuko juu, nyuma ya pazia. Usivuke pazia. Ukitaka kitu niite, niko jikoni." Sikuhitaji kukanywa. Mimi ni Mkristo, wazazi wangu wa Kaloleni, lakini huwezi kukulia Mombasa usijue adabu za eda. Mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, na mwanamume asiye maharimu wake hamwoni. Nikapiga hodi ngazini, nikatoa pole zangu. Sauti nyororo ikanijibu kutoka nyuma ya pazia: "Tushapoa, mwanangu. Fanya kazi yako."

Nikakiunganisha kisanduku cha zamani na kompyuta. Kimya. Nikajaribu tena, kimya. Ikabidi nianze upya: kila balbu uizime na kuiwasha mara sita mpaka ipepese, ndipo ikubali bwana mpya. Sasa, balbu zenyewe ziko wapi? Nyingine nilizificha nyuma ya mbao za nakshi, na orodha sikuandika. Nikakaa kwenye ngazi ile yenye giza nikijitukana kimoyomoyo.

"Mbona wakaa gizani, fundi?"

Mzee mmoja alikuwa akishuka kutoka juu. Kikoi, fulana nyeupe, kofia ya kiua. Nyusi moja nyeupe pe, ya pili nyeusi. Mkono ameubana nyongani kama mtu anayeumwa. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikia. Wewe ungefikiria nini? Mwanamume anatoka nyuma ya pazia la mjane aliye edani! Lazima awe kaka yake, au ami. Na kumwuliza mtu kama huyo "wewe ni nani wake" ni utovu wa adabu. Basi sikuuliza. Hilo ndilo kosa langu la pili.

"Ndoo, nifuate huku," akasema. "Ya kwanza iko nyuma ya kabati."

Ikawa hivyo. Yeye mbele, mimi nyuma na ngazi yangu ya kukunja. Hakugusa kitu. Ananionyesha kwa kidevu, nami nazima, nawasha, naandika. Choo cha chini, ukumbi, baraza. Tukipita kwenye kona ya ngazi, sensa ilinipepesea mimi kitaa chake chekundu. Akipita yeye, haipepesi. Nikasema moyoni, betri hiyo.

Tulipomaliza balbu ya ishirini akasimama kwenye kona ile. Akaniuliza taratibu, "Na ile nakala uliyomwambia mwanangu umeweka, iko wapi?"

Mwanangu. Hata hapo sikushtuka. Wazee wote wa Mombasa wanatuita wanao. Lakini uso ulinichoma. Nikasema, "Mzee, sikuweka. Nilidanganya."

Akainua kidevu kunionyesha balbu iliyo juu yetu. Akasema, "Haya. Weka sasa. Na hii ya hapa uliiacha ya mwisho, ungeanza nayo."

Nikapanda, nikazima, nikawasha, mara sita. Balbu ikapepesa, ikawaka, kona yote ikawa nyeupe. Nikageuka nimchekee. Hapakuwa na mtu.

Nikadhani amepanda juu. Nikaunganisha sensa na kisanduku kipya, taarifa zake zije kwenye simu yangu, nikatoa nakala, nikaihakikisha mara mbili, nikaita kwa furaha: "Bi mkubwa, tayari! Na mshukuru kakako, amenisaidia sana."

Nyuma ya pazia ikaja sauti: "Kaka yangu yupi? Nakusikia wasema peke yako saa nzima, nikadhani una simu."

Bi Shamsa akatoka jikoni na mwiko mkononi. Nikamweleza: kikoi, kofia, nyusi moja nyeupe. Mwiko ukamponyoka. Akakaa chini palepale sakafuni. "La ilaha illallah! Huyo ni mumewe. Alianguka hapo ulipo, alfajiri, akienda msikitini. Taa haikuwaka."

Haki ya Mungu, nikashika ukuta, nao ulikuwa baridi. Kwa hiyo kisanduku kilikufa kwanza, halafu yeye! Ningekuja Jumatatu ile nikakiunganisha na simu yangu, ningejua siku ile ile kilipokufa, na mzee angekuwa hai.

"Alikwambia nini?" sauti ikauliza nyuma ya pazia.

Ningeweza kudanganya mara ya pili. Nikamwambia yote, na nakala nikamwambia. Alilia bila kelele, nikasikia pumzi tu. Kisha akauliza, "Alikuwa amekasirika?"

"Hapana, mama. Alitaka tu taa iwake."

"Basi mwambie Salma wewe mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Nilimwambia jioni ile. Akanikatia simu, na mpaka leo hajapokea. Simlaumu.

Eda imekwisha sasa. Lakini kila alfajiri, kabla ya adhana, simu yangu inaniletea taarifa: ngazini, mtu amepita, taa imewaka. Siku ile sensa haikumwona, sasa inamwona. Nilimpigia Bi Shamsa nikamwambia nitakuja kubadilisha sensa, labda ina hitilafu. Akampa simu dadake.

"Fundi," mjane akasema, "hiyo usiitengeneze."

Sikuitengeneza. Nimekwambia wewe usije ukacheza kama nilivyocheza. Kama umesema umeweka, hakikisha umeweka, nenda leo, usingoje Jumatatu. Mimi kila alfajiri naamshwa na ile simu, na sithubutu kuizima.