Siku Niliyotikisa Kanisa kwa Kutafuta Vibrato

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshacheka nikachoka, ila aibu niliyoipata siku ile bado inanirudia kila nikipita mbele ya kanisa letu la Gikondo, na wapo waumini mpaka leo wananiita Mama Tetemeko, na mimi naitika, nifanyeje?

Chanzo ni Mama Skolastika, aliyekuwa akituimbia wimbo wa katikati kwenye misa ya Kiswahili. Jamani, yule mama! Akishika noti ndefu, inaanza imenyooka, halafu taratibu inachezacheza yenyewe, kidogo tu, kama maji ya sufuria yanayokaribia kuchemka, na wewe uliyekaa pale unashtuka umeacha kupumua. Mwalimu Deo, kiongozi wa kwaya, anaiita vibrato. Mimi niliiita muujiza, na bado naiita hivyo.

Basi magoti ya Mama Skola yakakataa kupanda jukwaa la kwaya (la mbao, ngazi nne, halina pa kushika), akajiuzulu, akawa anakaa benchi la mbele na waumini. Deo akaniambia, "Joselyne, Jumapili hii jaribu wewe. Ukiimba vizuri, nafasi ni yako." Mimi, niliyesimama nyuma ya yule mama miaka sita!

Tatizo ni kwamba sauti yangu ilikuwa imenyooka kama bomba. Nikamfuata Mama Skola, nikamwuliza anafanyaje, akacheka. "Mwanangu, ile haitengenezwi. Legeza koo, pumzi itoke sawasawa, imba hivyo kila siku. Itakuja yenyewe."

"Itakuja lini, mama?"

"Mimi nilingoja miaka."

Miaka! Na mimi nina siku nne.

Kesho yake nikapanda pikipiki kwenda Kinyinya (nawauzia chapati mafundi wa ujenzi kule), tukaingia barabara ya mawe, na mimi ndani ya kofia ngumu najizoeza noti yangu, aaaaa, mara ikaanza kutetemeka, tamu ajabu, nikasisimka mpaka vidole. Dereva akapunguza mwendo. "Mama, unaumwa?"

"Endesha, bwana! Pita penye mawe mengi!"

Hapo ndipo nilipojiponza. Nikajiambia, kumbe ni kutikisika tu! Nitajitikisa kwa visigino, gauni la kwaya linafika chini, nani ataona?

Jumapili nikapanda jukwaani, nikaanza vizuri, nikafika kwenye noti ndefu, nikaanza visigino. Ikatoka! Kidogo, lakini ikatoka, nami kwa tamaa yangu nikaongeza, sikukumbuka kwamba misumari ya mbao zile imelegea siku nyingi, jukwaa likaanza kugonga, tatatata, wanakwaya wote wakatikisika nami, maikrofoni ikaanguka ikapiga kishindo kwenye spika zote, na mimi macho nimefumba, najiona niko mbinguni. Mtu akapiga kelele, "Umutingito!" yaani tetemeko la ardhi, na huku kwetu ardhi hutetemeka kweli, kwa hiyo hakuna aliyengoja kuuliza mara mbili. Nilipofumbua macho kanisa lote lilikuwa mlangoni, padre akikimbia kanzu ameikunja mkononi.

Nje kila mtu na simu yake. Mwanamume mmoja alikuwa anamwuliza dada yake anayeishi Kibagabaga, ng'ambo ya mji, "Na ninyi mmetikisika?" Watoto wanalia, padre anamshukuru Mungu kwa kutuokoa, na mimi natamani ardhi ipasuke kweli inimeze.

Ndipo Mama Skola, amesimama katikati ya watu, akaanzisha kiitikio cha wimbo uleule, bila maikrofoni. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, nikamkodolea macho. Kidevu hakichezi. Mabega yametulia. Tumbo linashuka polepole kama la mtu aliyelala, na juu ya pumzi hiyo sauti inatetemeka, pana, nyepesi, haina haraka na mtu. Watoto wakanyamaza. Yule wa simu akaishusha bila kuikata, nadhani dada yake naye alikuwa anasikiliza. Machozi yalinitoka, na si ya aibu, Mungu ni shahidi.

Alipomaliza hakuna aliyesogea. Sijui nani alinituma, nikasema, "Padre, hakukuwa na tetemeko. Ni mimi. Ni visigino vyangu."

Halafu padre akaangua kicheko, na uwanja mzima ukamfuata. "Mimi niliviona," akasema Mama Skola. "Nilikaa usawa wa miguu yako."

Deo hakucheka, alikuwa anamtazama yule mama. "Kumbe si lazima upande jukwaani."

"Hakuna aliyewahi kuniuliza," akajibu.

Jumapili iliyofuata aliwekewa kiti chini, mbele ya jukwaa, na nafasi yangu ikaishia hapo, wala sikuidai. Siku hizi jioni naenda kwake, ananishika mbavuni, naimba noti moja iliyonyooka, halafu nyingine. Bado haijaja. Kuitikisa tena? Sithubutu, mpaka naingia kaburini. Ikija, ije yenyewe, na isipokuja, mimi nakaa karibu na kile kiti, nasikia kila kitu.