Msusi Naye Ana Kiti

Safari za kwenda mjini kununua vitu vya Krismasi hazipangwi kituo cha mabasi. Zinapangwa saluni, kichwa kimoja kikiwa kimeinama chini ya chanuo na wengine wakingoja zamu kwenye benchi huku wakijibishana. Ndivyo ilivyokuwa katika mji huu mdogo, ndani ya chumba kimoja kilichojibana kati ya duka la dawa na fundi viatu. Kilikuwa na kioo kirefu chenye ufa pembeni, viti viwili vya plastiki, birika la umeme la kuchemshia maji ya kuchovya ncha za nywele, na ukutani picha za misuko ambayo hakuna mteja aliyewahi kuiomba ikatoka vilevile.

Mwenye chumba alikuwa mwanamke wa makamo, mwepesi wa kucheka, na mtaa mzima ulimwita Vidole. Akisuka, mikono yake ilikwenda mbio kuliko maneno yake, na maneno yake yenyewe hayakuwa ya polepole.

Safari ilikuwa moja kwa mwaka, Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi. Wanawake wa mtaa walikodi basi la shule lililokuwa likizo pamoja na wanafunzi wake, wakaondoka alfajiri, wakarudi giza limeingia, hoi bin taabani, lakini wamebeba. Aliyeisimamia alikuwa wifi yake Vidole, dada wa mumewe, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya uwanja wa mpira. Walimwita Mwenyekiti, ingawa hakuna aliyekumbuka kikao kilichomchagua.

Kila mwaka Vidole alilipia kiti katika basi hilo. Kila mwaka kiti kilikwenda mjini na kurudi bila yeye. Hakuna mwanamke aliyetaka kuingia mjini na kichwa cha juzi. Wote walitaka kusukwa Ijumaa. Basi Ijumaa hiyo benchi lilijaa, wengine wakakaa kwenye kizingiti, na Vidole akasuka mpaka macho yakaanza kuona mistari hata kwenye ukuta mtupu. Alfajiri dereva alipopiga honi, yeye alikuwa amelala fofofo, vidole vimevimba, mumewe akimtikisa bega kama anayetikisa gunia. Kiti chake kikapakiwa mikoba.

Si kwamba alibaki mikono mitupu. Wenzake walimnunulia, na hapo ndipo palipomuuma. Mwaka mmoja walimletea gauni la kahawia. Uliofuata, sweta la kahawia. Kisha viatu vya kahawia. Aproni yake ya kazini ilikuwa ya kahawia, na watu walishaamua kwamba hiyo ndiyo rangi yake. Aproni ile aliivaa kwa sababu haionyeshi mafuta, lakini nani aliuliza? Alishukuru, akavaa, akabaki na hamu moja tu ambayo aliona haya kuisema kwa sauti, maana ilionekana ndogo: kuingia dukani kwa miguu yake, kushika kitu, kukirudisha, kushika kingine, na kuchagua mwenyewe. Mjini alishafika mara mbili maishani mwake, zote mbili akimuuguza mama yake hospitalini. Alichokumbuka ni korido ndefu na harufu ya dawa.

Mwaka huu, mwanzoni mwa Desemba, Mwenyekiti alikuja saluni kugawa viti. Chini ya chanuo alikuwa nesi wa zahanati. Kwenye benchi alikuwa muuza mayai, mwanamke mfupi ambaye hakuwahi kuliacha neno lipite bila kulisindikiza.

"Mbele na dereva nakaa mimi," Mwenyekiti alitangaza, "ili nimwelekeze njia."

"Dereva anaijua njia kuliko wewe," alisema muuza mayai.

"Anaijua. Lakini nikikaa nyuma anasahau."

Wakacheka. Mwenyekiti akamgeukia msusi. "Na chako, wifi, tunaweka mikoba kama kawaida?"

Vidole hakuacha kusuka. "Mwaka huu mikoba itafute pa kukaa. Kiti changu nakikalia mwenyewe."

Kicheko kikaanza, kisha kikakatika njiani walipoona yeye hacheki.

"Sasa sisi atatusuka nani?" aliuliza nesi, kidevu kikiwa kimegandamana na kifua.

"Mimi. Lakini si Ijumaa. Ijumaa nafunga."

Ungedhani ametangaza kwamba anafunga Krismasi yenyewe. Muuza mayai alishika kichwa kwa mikono miwili kana kwamba nywele zimeshaanza kuchakaa. Mwenyekiti alisema mambo mengi kwa pamoja, na lililosikika vizuri ni hili: "Nisukwe Jumatatu, nilalie kichwa wiki nzima, niingie mjini kama niliyetoka shambani?"

"Wifi, hebu kumbuka mwaka jana," alisema Vidole. "Ulisukwa Ijumaa. Jumamosi mjini ulikuwaje?"

Nesi ndiye aliyejibu, na alijibu kwa furaha. "Alikuwa kama mtu aliyeona nyoka! Nyusi zimepanda mpaka hapa. Hata kufumba macho hawezi. Kila duka tulilolifikia anaomba maji ya kumezea dawa ya kichwa."

"Uzuri una taabu yake," alisema Mwenyekiti, amejinyoosha.

"Msuko wa siku tatu nne umeshalegea kidogo, umeshakaa," alisema Vidole. "Kichwa hakiumi, uso unakuwa wako. Nilikuwa siwaambii kwa sababu hamkuuliza, na Ijumaa mlikuwa mmeshajaa mlangoni."

Muuza mayai alijitazama kwenye kioo, akavuta ngozi ya paji la uso juu, kisha akaiachia. "Mimi nisuke Jumanne," alisema. "Mpaka Jumamosi sura yangu itakuwa imerudi nyumbani."

Hapo mpango ukapata miguu. Nesi alichukua Jumatatu kwa sababu ya zamu zake za kazi. Wengine, waliposikia kwamba nesi amekubali, waliona lazima kuna sababu ya kitaalamu, wakagawana siku zilizobaki. Mwenyekiti peke yake hakusema siku. Alisema atapitapita.

Nyumbani, mume wa Vidole, fundi bomba, aliisikiliza habari yote huku akisugua grisi kwenye viganja.

"Watakuchukia," alisema.

"Wanichukie wakiwa wamesukwa."

"Na dada yangu?"

"Anasema atapitapita."

Fundi bomba akatikisa kichwa. "Huyo hata kuzaliwa alizaliwa siku aliyoitaka mwenyewe. Usije ukasema sikukuambia, mke wangu."

Wiki ile ya safari ilikwenda vizuri mpaka Vidole akaanza kuogopa. Vichwa vilikuja kwa zamu, vikatoka kwa zamu. Jioni alikuwa na nguvu za kupika, hata za kugombana na mumewe juu ya redio. Kila siku alituma ujumbe kwa wifi yake, na kila siku alijibiwa "kesho". Alhamisi alisukwa mtu wa mwisho. Ijumaa Vidole alifuta kioo, akafagia, akaweka birika kabatini, na mchana kutwa akanyoosha gauni lake la safari kwa pasi kama mtu anayejiandaa kwenda kuposwa.

Jua likiwa linazama, mlango wa saluni uligongwa alipokuwa amerudi humo kutafuta mwavuli wake. Mwenyekiti aliingia, kilemba kichwani.

"Sikuja kusukwa," alisema kabla hajaulizwa. "Nifumulie tu hizi za zamani, wifi yangu. Kesho nitajifunga kitambaa. Siwezi kujifumua mwenyewe nyuma, mkono haufiki."

Kufumua si kusuka. Vidole alimkalisha. Alifumua huku wakiongea: nani amekubali kukaa karibu na nani, nani hutapika kwenye kona, kama dereva ameshatia mafuta. Nywele zilimwagika mabegani, akazichana, akazitia mafuta, na maongezi yakawa matamu kwa sababu Mwenyekiti alikuwa akimsimulia jinsi muuza mayai alivyogombana mwaka mmoja na mlinzi wa duka kwa kuingia na jogoo ndani ya kikapu. Vidole alicheka mpaka machozi. Alipoyafuta, aliona mistari minne imesimama upande wa kushoto wa kichwa cha wifi yake, imenyooka, mizuri, kazi ya mikono yake mwenyewe. Akili haikuambiwa. Mikono ilikuta nywele zimechanwa ikafanya ilichozoea kufanya tangu usichana wake.

Mwenyekiti naye alijigusa, akatabasamu kwenye kioo. "Aa, basi kama umeshaanza, malizia tu."

Vidole alitazama upande wa kulia uliobaki. Nywele za ukoo wa mumewe zilikuwa nyingi, nzito. Aliijua kazi ile. Ingemfikisha pale pale: vidole vimevimba, honi, bega linatikiswa. Katika saluni ile hakuna aliyewahi kutoka na nusu kichwa. Hilo lilikuwa aibu ya msusi kuliko ya mteja, na wateja wangelisema mwaka mzima. Alishika chanuo, akaliangalia. Kisha akaliweka mezani.

"Wifi, naishia hapa."

"Unaishia wapi?"

"Hapa. Nikimaliza, kesho siamki."

"Utaniacha nusu? Mimi? Dada wa mume wako?"

"Umesema hukuja kusukwa. Umesema kitambaa."

"Hicho kitambaa nilikisema kwa heshima!"

Mwenyekiti alijifunga kilemba haraka haraka. Mlangoni aligeuka. "Basi linaondoka alfajiri. Halitamsubiri mtu. Na mimi ndiye ninayehesabu watu."

Vidole alilala mapema, lakini usingizi haukuwa mtamu. Hofu ya kuachwa aliizoea. Hii ya kuondoka akiwa amemkosea mtu ilikuwa mpya. Honi haikumkuta kitandani. Ilimkuta barabarani, gauni limenyooka, mumewe kando yake amebeba kikapu kitupu na kupiga miayo.

"Ukiona wamekukasirikia," alimnong'oneza, "kaa dirishani utazame nje. Nje hakuna mwenye kinyongo."

Kwenye kiti chake, katikati ya basi, mikoba ilikuwa imeshapangwa mpaka juu. Labda ilikuwa mazoea tu. Labda siyo. Wenzake wote walikuwa na nyuso zilizopoa chini ya misuko yao, wakitazama mbele alipokaa Mwenyekiti na kilemba kikubwa. Vidole alishusha mkoba mmoja mmoja, akaisukuma chini ya kiti, akakaa. Mwenyekiti alihesabu watu. Alipofika kwake alisita, halafu akamhesabu.

Basi lilikuwa la watoto: viti vidogo, migongo mifupi, magoti ya watu wazima yakigusa videvu. Walipouacha mji, Mwenyekiti alisimama. Alikuja akishikilia viti, akamfikia nesi aliyekaa mbele ya Vidole.

"Nenda kakae na dereva. Mwambie akate kulia penye njia panda."

"Si anajua?"

"Mwambie."

Nesi akaenda. Mwenyekiti akaketi, mgongo kwa wifi yake, akafungua kilemba. Mistari minne upande mmoja. Upande wa pili kichaka. Juu ya mgongo mfupi wa kiti, kichwa chake chote kilikuwa wazi, kimekaa kwa msusi kama kimetengenezewa pale.

"Umekuja na chanuo?" aliuliza bila kugeuka.

"Msusi anatoka bila chanuo?"

"Basi usinivute nyusi."

Vidole akaanza. Muuza mayai alisogea kushikilia mafuta, mwingine akashikilia uzi, na kwa muda mfupi saluni nzima ilikuwa imehamia barabarani. Kila penye tuta dereva alipunguza mwendo, na kila tuta alilopita bila kupunguza, mstari ulichepuka.

"Dereva!" Mwenyekiti alipaza sauti. "Kila shimo unaloingia nalivaa mimi Krismasi nzima!"

Mpaka majengo marefu yalipoanza kujitokeza kwenye ukungu, ncha ya mwisho ilikuwa imefungwa. Mistari ya kulia ilikuwa na mawimbi. Mwenyekiti aliitazama kwa kioo kidogo, upande huu, upande ule.

"Hii ndiyo misuko mipya," alisema. "Atakayeuliza, mwambieni ndiyo inayovaliwa."

Wakashuka mbele ya barabara pana yenye maduka pande zote, milango imepambwa kwa taa ndogondogo ingawa jua limeshatoka. Kila mmoja alijua anakoanzia. Mwenyekiti alimshika Vidole mkono.

"Wewe unaanzia wapi?"

Hapo ndipo Vidole alipogundua kwamba wiki nzima alipanga vichwa vya watu wote, na hakupanga duka hata moja.

"Sijui," alisema.

"Twende basi, mimi nikuonyeshe."

Ilikuwa imetoka kwa upendo, na mkono ulikuwa wa joto. Vidole akaubana kidogo, kisha akauachia. "Hapana, wifi. Acha nikapotee kidogo. Mchana tukutane hapa hapa."

Mwenyekiti alimnyooshea ukosi wa gauni. "Usipotee sana," alisema. "Nitakuhesabu."

Vidole alitembea taratibu, akipishana na watu ambao hawakuijua aproni yake. Aliyapita maduka mawili kwa sababu tu aliweza kuyapita. La tatu aliingia. Vitambaa vilikuwa vimepangwa kuanzia sakafuni hadi darini.

"Karibu mama. Unatafuta nini?" aliuliza muuzaji.

"Naangalia tu."

Muuzaji alizoea kusikia maneno hayo kutoka kwa watu wanaotaka kuondoka. Huyu aliweka kikapu chini, akavuta kiti, akakaa, akanyoosha mkono juu.

"Nishushie ile," alisema. "Hapana, siyo hiyo. Ya juu yake. Na ile nyingine pia, uziweke pamoja nizione."