Aliyehesabu Gia kwa Sauti

Habari ya kifo chake ilinipata nikiwa nimeegesha gari nje ya duka la manukato mtaa wa Al-Rawdah, hapa Jeddah, nikimsubiri madam. Ilikuja kwenye kundi letu la madereva la simu, imebanwa kati ya mtu anayeuza matairi yaliyotumika na mwingine anayeuliza kama kuna ajuaye kafili, yaani mwajiri wa kumdhamini, mwenye huruma kule Riyadh. Mzee amefariki, iliandikwa, nyumbani kwake Kenya, jana mchana, shinikizo la damu. Alikuwa amemaliza kula, akaketi kwenye kiti barazani, akasinzia, na hakuamka tena. Nilisoma mara mbili, nikalia kidogo, kisha nikacheka, na wasomaji wa safu hii wanaonijua watanisamehe. Mtu aliyeshika usukani zaidi ya miaka thelathini, nusu yake katika barabara za Saudia ambako vijana hukupita upande wa kulia kabla hujamaliza kuwalaani, ameondoka duniani kwenye kiti kisicho na magurudumu. Madam aliporudi na mifuko yake aliniuliza kama nimeshikwa na mafua.

Jina lake silitaji, kama ilivyo desturi yangu hapa, na yeye mwenyewe asingependa, kwani alikuwa akisema jina lake limeshachoshwa na fomu za ikama, kibali cha kuishi huku. Alikuwa Mkristo wa bara, aliyeendesha malori ya mizigo kutoka Mombasa hadi mpaka wa Malaba kabla hajapata kazi kwa familia moja ya Riyadh, ndugu wa familia ninayoiendeshea mimi. Kila Ramadhani, kumi la mwisho, aliwaleta mabosi wake hadi Jeddah. Hapo safari yake iliishia, maana Makka haingii asiye Mwislamu, na mimi ndiye niliyekabidhiwa ufunguo wa gari lake niwapeleke Umra. Yeye alibaki kwenye chumba cha madereva nyuma ya nyumba, akisonga ugali na kunisubiri nirudi ili anikague. Alilizunguka gari lile kama mama anayempokea mtoto aliyelala kwa jirani. "Wewe kijana wa Mombasa, hujaikanyaga sana?" aliniuliza. Nilimjibu kuwa nimelikanyaga kiasi, na katika miaka yote hiyo hakuniamini hata mara moja.

Alipofika Riyadh mara ya kwanza alipewa pikapu ya shambani, ya gia za mkono, na maisha yakawa matamu. Mkosi ulianza baba, yaani bosi wake, aliponunua gari kubwa la kifahari, otomatiki, lenye gia nane zinazojibadilisha zenyewe, akamhamishia humo. Siku ya kwanza walikuwa mtaa wa Batha, katikati ya mabasi na wabeba mizigo, taa ikawa nyekundu. Mguu wa kushoto wa mzee ukafanya ulichofanya miaka yote: ukashuka kutafuta klachi. Klachi haikuwepo, lakini mguu haukuwa na habari, ukakutana na breki pana ukaikandamiza kwa nguvu zote za Mombasa-Malaba. Baba akatupwa mbele, kilemba na duara lake jeusi vikaruka hadi kwenye kioo. "Mafi mukh?" baba akamuuliza, maana yake huna akili wewe? "Akili fi, baba," mzee akajibu kwa heshima, yaani akili ipo. "Mguu ndio mafi." Baba alicheka hadi taa ikawa kijani, na nadhani kicheko kile ndicho kilichoiokoa ikama yake. Tangu siku hiyo mzee aliendesha akiwa amevua kiatu cha kushoto, ili mguu ukihisi uko wazi ukumbuke kwamba hauna kazi.

Msije mkadhani alikuwa mwoga wa mwendo. Mwendo aliupenda, na kama kuna dereva aliyechukia ile methali ya haraka haraka haina baraka basi ni yeye, kwa sababu alisema kila mara ameisoma nyuma ya lori lililokuwa likimpita. Ugomvi wake na magari mapya ulikuwa mwingine. Katika lori la zamani, alisema, kila kasi uliitafuta kwa mkono na mguu. Injini ililia, ukakanyaga klachi, ukavuta gia, ukasikia mwili mzima umeingia daraja jingine, na ukijua unakwenda mbio ulijua kwa mabega yako. Hili jipya lilikuwa na ubaridi wa kiyoyozi, vioo vimefungwa, kiti laini kuliko kitanda chake, jangwa limenyooka mbele, na mia na sitini ikafanana na themanini. "Hii gari inakupeleka kwa kifo kama mgeni wa heshima," aliniambia. Kamera ya barabarani ilipompiga picha mara ya pili na ujumbe wa faini ukaingia kwenye simu ya baba, alijitetea kwamba gia ya nane iliingia bila kubisha hodi.

Basi akabuni dawa yake. Alianza kuhesabu gia kwa sauti. Alitega sikio, akangoja ule mtikisiko mdogo ambao abiria hausikii, halafu akatangaza kama kondakta: tatu, nne, tano. Akifika saba aliinua mguu kidogo na kutazama mshale wa kasi. Nimewahi kuketi pembeni yake kutoka uwanja wa ndege wa Jeddah hadi Al-Nuzha, na nawaambia ni safari ya kuchosha, maana kila tukikaribia mataa alianza kuhesabu upya kama mtoto wa chekechea. Nilimuuliza anamhesabia nani. "Mimi ndio dereva," akasema. "Sasa gari ikijua na mimi sijui, nani anaendesha mwenzake?" Nilimcheka wiki nzima na kulisimulia kwenye kundi, wakamwita Mwalimu wa Hesabu.

Lakini swali lile limenikaa. Wengi wetu tulikuja huku kwa mkataba wa miaka miwili. Tulisema tutajenga nyumba, tutarudi, halas, yamekwisha. Ukaongezwa mwaka, ikama ikatiwa upya, mtoto akaingia sekondari, mzazi akazikwa nasi tukatazama kwenye simu, na kila badiliko lilipita kwa ulaini mno hivi kwamba hakuna aliyesikia gia ikiingia. Ukitazama mshale ni miaka kumi na mitano. Siwalaumu waliotengeneza magari laini, mimi mwenyewe siwezi tena kurudi kwenye klachi kwa foleni za Jeddah na goti langu hili. Nasema tu kwamba kitu kikikuondolea taabu huwa kinakuondolea na habari, na mzee alikuwa mtu pekee niliyemjua aliyekataa kupoteza habari.

Sasa niwaeleze lililomweka mzee njia panda. Baba alikuwa na binti mmoja, ambaye mzee alimpeleka shule tangu akiwa na mkoba mkubwa kuliko mgongo wake. Wanawake waliporuhusiwa kuendesha nchini humu, binti akasoma, akapata leseni, na akapata kazi upande wa pili wa Riyadh. Akataka kwenda kazini mwenyewe. Baba hakukataa wala hakukubali. Alisema binti atapewa ufunguo siku ambayo dereva atatamka kuwa yuko tayari, na siku hiyo nyumba haitahitaji dereva tena. Aliyasema mbele ya mzee, bila ubaya, kama mtu anayepanga kuhamisha kabati. Mzee alikuwa na mtoto wake wa mwisho, msichana pia, anayesomea uuguzi nyumbani, bado miaka miwili amalize. Mzee mwenyewe alikuwa amevuka umri ambao kafili mpya humtazama mtu mara mbili. Neno moja la kweli kutoka kinywani mwake, na masomo ya msichana yanasimama.

Ramadhani ile alitueleza sote pale nyuma ya nyumba, tukila futari, yeye Mkristo akingoja adhana pamoja nasi kwa adabu. Ushauri wangu ulikuwa wa haraka, na leo nauandika nikiona haya. "Sema bado, mzee," nilimwambia. "Bado si uongo mkubwa. Nani asiye bado?" Wenzangu wakaongeza sababu: sema rivasi yake mbovu, sema anakanyaga breki kama anaua mende, sema mzunguko wa barabara unamchanganya. Mzee akala tende. Kisha akarudi Riyadh na akasema bado. Alisema bado mwezi wa kwanza, akasema bado mwezi wa pili, akasema bado karibu mwaka mzima, na sisi kwenye kundi tukambadilisha cheo, akawa Mwalimu wa Bado. Alitujibu kwa vikaragosi vya kucheka. Baadaye mkewe aliniambia kwamba miezi ile ndiyo aliyoanza kupata shida ya usingizi.

Ramadhani iliyofuata walikuja tena Jeddah. Baba aliamua binti ashike usukani kutoka Taif, mzee kando yake, wazazi nyuma. Anayeijua njia hiyo anajua mlima wa Hada: barabara inajipinda kushuka kama nyoka, jabali upande mmoja na upande mwingine ni hewa tupu. Kila msimu utaona magari mapya, mazuri, yamesimama pembeni yakitoa moshi, na wenyewe wanamwagia magurudumu maji ya kunywa. Hawakujua kwamba gari linalojipandishia gia kwa uungwana haliwi na haraka ya kuzishusha wakati wa mteremko. Limeachiwa kwenye D, lijichagulie gia lenyewe, dereva anashikilia breki mpaka zinaungua. Mzee aliniambia kwamba alikaa kimya makusudi. Alijua binti akisahau kushusha gia, naye mzee akamsahihisha, baba atasikia kwa masikio yake na bado itakuwa bado ya halali.

Kabla ya kona ya kwanza binti aliinua mguu, akasogeza mkono wa gia, akaanza kuishusha mwenyewe. Akawa anahesabu, kwa Kiswahili. Sita. Tano. Nne. Tatu. Maneno hayo alikuwa ameyasikia kutoka kiti cha nyuma tangu utotoni, akiwa anakwenda shule, na zamani alikuwa akimtania mzee kwamba sita, saba na tisa ameziiba kwao. Injini ikanguruma na kulishika gari, breki zikaguswa kidogo tu, na mama yake kule nyuma hakuinua hata macho kwenye simu. Walipofika chini baba akauliza, kama alivyouliza kila mwezi. Mzee alikuwa na ile bado mdomoni. "Nilikuwa nimeishika kabisa," aliniambia usiku huo, akinyoosha ule mguu wake wa kushoto. "Lakini nitasema aje bado, na huyo mtoto ndiye mtu wa kwanza amewahi kunisikiza?" Akamwambia baba, yuko tayari.

Hapakuwa na muujiza. Baba alimshukuru, akamwacha amalizie muda wa ikama, akamkatia tikiti. Nilimsindikiza kwa simu tu. Nyumbani alikodisha pikapu kuukuu ya gia za mkono, akabeba mboga alfajiri mpaka msichana wake akamaliza uuguzi, na msichana huyo ndiye aliyemkuta barazani juzi akampima mapigo. Nimewahi kumuuliza kama alijuta. Akasema alijuta mwaka ule wa bado, kwa sababu kila asubuhi alimtazama binti wa watu akiendesha vizuri, na yeye akawa anatafuta kosa kama mwizi anavyotafuta dirisha.

Nimewaandikia haya nikimcheka mzee, na nimefanya hivyo kwa sababu ni rahisi kuliko kujicheka. Somo lake si la magari. Kazi ni yako maadamu unaifanya. Siku unapoanza kuishi kwa kumzuia mwingine asijue anachokijua, umeshaacha kazi na umebaki kulinda mshahara. Nalisema nikiwa na ushahidi. Madam ninayemwendesha ana leseni. Mume wake naye alisema muulize dereva, na dereva nimejibu kwamba foleni za Jeddah ni mbaya, madam, subiri kidogo. Siku moja aliegesha kwenye nafasi finyu ambayo mimi ningeiogopa nikaipita, nikamwambia gurudumu limekaa upande.

Jana, alipotoka aende kwa mama yake Al-Nuzha, nilimfungulia mlango wa dereva, nikazunguka, nikaketi upande wa pili. Alinitazama, akawasha gari. Aliendesha kama mtu anayekwenda nyumbani kwao. Tulipofika alizima injini, na bila kunigeukia akaniuliza, "Bado?"

"Uko tayari, madam," nikasema.

"Tangu lini?"

Nilitazama mikono yangu, ilikuwa haina cha kushika. "Tangu mwaka juzi," nikamwambia.