Mgongo Nilioufuta

Nakumbuka siku moja ya vita, mwanangu, ambayo hadi leo naona haya kuisimulia. Lakini bila siku hiyo ningezeeka bure.

Mama Furaha, jirani yetu hapa Uvira, alikuwa amefiwa na mumewe, mbeba mizigo wa bandari ya Kalundu. Risasi ilimkuta njiani, na picha zake zote ziliungua pamoja na nyumba. Mtoto wao mdogo alikuwa ameanza kumsahau baba. Basi Mzee Lubunga, aliyekuwa akiandika majina ya mitumbwi bandarini, akamchora marehemu kwa makaa kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Mstari mmoja tu: ulitoka kisiginoni, ukapanda mgongoni, ukainama chini ya gunia. Uso hakuutia.

Mama Furaha akaniletea mchoro niubandike kwenye kartoni. Mimi, wa kwanza darasani kwa kuchora (na kichwa kilinivimba kweli), nikaona mzee amezembea. Nikaufuta ule mgongo, nikaunyoosha kwa rula. Nikatia macho, vifungo vya shati, hata kamba za viatu. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Mama Furaha aliutazama sana. "Huyu haiko bwana yangu," akasema, akaanza kulia. Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee Lubunga hakunichapa. Alinipeleka Kalundu, akanitwika gunia la unga, akanitembeza mpaka nikatweta.

"Weye ulichora shati," akaniambia. "Muntu iko wapi? Sikia kwanza uzito inapita fasi gani, mgongoni ao mguuni, njo uchore."

Kisha akachora upya mbele yangu. Safari hii niliona: mstari ulikuwa mnene pale mzigo ulipolemea, ukawa mwembamba pale mguu ulipoondoka chini. Tuliupeleka kwa Mama Furaha. Yule mtoto akaweka kidole kwenye mgongo wa mchoro, akasema, "Papa iko anakuja."

Mwanangu, kupotea njia ndiko kujua njia. Usimpime mchoraji kwa wingi wa vitu alivyojaza kwenye karatasi. Fuata mstari wake, unalemewa wapi, unakimbia wapi, unachoka wapi, maana humo ndimo mtu anamoishi. Na kabla hujasahihisha kazi ya mkubwa wako, muulize alichokiona. Namshukuru mzee yule kwa gunia lile, namshukuru na mama aliyenisamehe.

Mungu akujalie jicho la kuona watu, na asikunyime mtu wa kukukemea ungali kijana.